Vidole Vinne

Bei yake nimeigeuza kuwa viazi.
Ndivyo ninavyohesabu kila kitu, tangu mahari aliyotoa Lugano
hadi jiwe la kaburi la baba yake:
lumbesa elfu moja mia sita, za Isyonje,
msimu mzuri, barabara kavu.

Liko yadi ya Sanga, Forest, chini ya turubai la bluu.
Rangi ya fedha, viti viwili,
na mgongoni bawa lisilokusudia kuruka.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Niliinama, goti la kulia likalia,
nikaingia makalio kwanza, kama mtu anayeingia beseni.
Miaka hamsini na minne. Kitenge kikanasa mlangoni.
Sanga akatazama pembeni: ana adabu, au ana hila.

Nikashika usukani.
Nitasema tu kwamba harufu ya viazi ilinitoka vidoleni
kwa dakika nne hivi.

Mwakyoma, fundi wangu, alilala chini yake na tochi,
akatoka bila kutabasamu.
"Mama Lugano, breki hizi ukizichoma Jumamosi mbili
unanunua nyingine, na nyingine haziko Mwanjelwa.
Haziko hata Dar.
Na huku juu hewa nyepesi, injini itahema
kama mgeni anayepanda Loleza.
Katika kila farasi sita uliowalipia
mmoja atabaki pwani."

Wa bima alisoma mkataba kwa kidole:
mashindano, hapana,
mazoezi ya mashindano, hapana,
ajali ya kujitakia,
hapo akainua macho, akanitazama kama daktari.

Kwa fedha hiyo hiyo, Kiwira, kuna shamba la parachichi,
heka kumi, mto unapita.
Nimekwenda kulitazama. Ni zuri.
Lenyewe halikunitazama.

Lugano kapiga simu toka Dodoma: "Mama, watu watasemaje?"
Watu walishasema, mwanangu.
Walisema mwaka ule nilipopanda Fuso la marehemu
nikashuka Kitonga na tani saba,
gia ya pili, mguu ukiiomba breki, akili ikiukatalia,
mbele yangu lori likinuka mpira ulioungua.
Wote waliniuliza kama niliogopa.
Hakuna aliyeuliza kama nilifurahi.

Nilifurahi.
Sijawahi kumwambia mtu.

Nyuma ya Mbalizi, kwenye shamba la kahawa lililokufa,
Ambilikile na wenzake wamemwaga lami,
kilomita mbili na nusu, inazunguka na kurudi ilikotoka.
Haiendi popote. Haibebi kitu.
Nimeitembea kwa miguu, viatu mkononi.
Kona tisa. Ya tano inajifunga mwishoni
kama mtu anayebadili neno mbele ya mashahidi.
Ningeiingia pana. Ningesubiri.
Ningesubiri tena kidogo.

Lakini matuta!
Kutoka Forest hadi Mbalizi nimehesabu kumi na saba,
na tumbo la gari lile linakaribia kulamba ardhi.
Tuta la kwanza la Iyunga lingelipasua kama samaki.
Mwakyoma akacheka hapo, mara ya kwanza:
"Basi ulibebe, kama mzigo mwingine."

Jana usiku nilitoka uani na kamba ya katani,
baridi ya Juni ikining'ata masikio.
Upana wa gari Sanga aliniandikia nyuma ya risiti.
Nikapima kitanda cha Kanta, ubao hadi ubao,
juu ya udongo mweusi uliokauka
na kiazi kimoja kilichosahauliwa, kimechipua.
Nikapima tena.
Kila upande vinabaki vidole vinne.

Sijampigia Sanga.
Ila asubuhi nimemwambia utingo aoshe Kanta,
hadi kwenye pembe.
Akauliza leo tunabeba nini.
Nikamwambia, osha kwanza.